Mashine Nyingi, Kichwa Kimoja

Kwa Kijaluo, pap ni uwanja, mahali peupe pasipo na kichaka. Pap Onditi, basi, ni uwanja wa Onditi: soko na makao ya utawala wa Nyakach katika Kaunti ya Kisumu. Nyuma yake nchi inapanda kuelekea Nyabondo, na mbele inashuka hadi tambarare zinazofurika kila ziwa na mito vinapojaa. Ukipita hapo leo utaona kibanda cha ajenti wa M-PESA, nguzo za stima zilizobebeshwa waya mweusi wa faiba, na buusta inayochomoza juu ya miti. Ndani ya ofisi, pengine nyuma ya mlango ambao mwananchi hafunguliwi, kuna kabati la chuma lenye visanduku bapa vilivyopandana, kila kimoja na safu ya matundu na taa za kijani.

Visanduku hivyo ni swichi. Vikiwa vitatu au vinne, fundi akiviunganisha sawasawa, vinaacha kuwa vitatu au vinne. Vinakuwa kimoja: jina moja, anwani moja, nywila moja, na kimojawapo kikiwaamulia wenzake. Safari iliyotufikisha kwenye kabati hilo ni ndefu, na katika kila hatua yake mimi huuliza jambo moja: mashine zilipofungwa pamoja zitende kazi kama moja, kichwa chao kilikaa wapi? Mwenye kichwa ndiye anayejua kwa nini simu haiendi, na ndiye anayeweza kuizima.

1901–1948: Waya mmoja kando ya reli

Reli ya Uganda ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, baada ya kilomita 930 hivi kutoka Mombasa. Kituo cha mwisho kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Kisumu wakati huo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya ya leo Aprili 1902.

Sambamba na reli ulikuja waya wa telegrafu, na haukuwa pambo. Reli ilikuwa ya njia moja. Magari mawili yakikutana uso kwa uso kati ya Kibigori na Miwani, hakuna pa kukwepea. Kwa hiyo mkuu wa kituo hakuruhusu gari liondoke mpaka mwenzake wa kituo cha mbele athibitishe kwa waya kwamba njia ni nyeupe. Muhoroni, Kibigori, Miwani, Kibos: kila kituo kilikuwa na karani wake, wengi wao Wahindi, na kila karani aliona kipande chake tu cha njia. Ila kwa sababu wote walifuata kanuni ile ile na kugonga alama zile zile, mamia ya kilomita yalitenda kama kiumbe kimoja. Huo ndio mtandao wa kwanza wa pwani ya ziwa uliosimamiwa kama mfumo mmoja, nao haukuwa na kompyuta hata moja.

Udhaifu wake ulionekana mapema. Wanandi, waliopinga uvamizi wa Waingereza kwa muongo mzima, walikata waya wa telegrafu na kung'oa vyuma vya reli, wakavifanya mapambo na silaha. Vitabu vya wakoloni viliuita wizi. Kwa watu ambao ardhi yao ilipasuliwa bila idhini yao, kukata waya kulikuwa kumpofusha adui, na walilijua hilo. Vita hivyo vilifikia ukingoni Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipouawa kwenye mkutano ulioitwa wa mapatano. Waya ulirudishwa, ila ukabaki mmoja. Ukikatika mahali pamoja, kila kilicho mbele ya mkato kilinyamaza.

Nyakach ilikuwa ng'ambo ya tambarare ya Nyando, mbali na reli. Habari ilitoka kituoni kwa miguu.

1948–1999: Opereta, Kampala, Nairobi

Mwaka 1948 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya utawala mmoja wa Afrika Mashariki. Simu za nchi kavu zilisambaa polepole: kwanza makao ya wilaya, misheni, viwanda vya sukari na maduka makubwa, kisha masoko. Katika vituo vidogo kazi ya kuunganisha ilifanywa na mtu. Opereta alikaa mbele ya ubao wenye matundu, kila tundu likiwa ni mteja mmoja. Mteja alizungusha mkono wa simu, kijifuniko kikaanguka kwenye ubao, opereta akachomeka waya na kuuliza, "Nikupe nani?" Ukitaka Nairobi, alipitia Kisumu, na ukasubiri.

Wazee wanaomkumbuka opereta hawakumbuki mashine, wanakumbuka sauti. Alijua daktari hayuko hospitalini kwa kuwa alimsikia asubuhi akisema anasafiri. Alijua simu ipi ni ya msiba, akaitanguliza. Kichwa cha mtandao kilikuwa cha binadamu, na kilikaa mwendo wa baiskeli kutoka kwako.

Katika nchi nyingine kichwa hicho kilikuwa kimeshaanza kuondolewa kwa mtu. Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City huko Marekani, alipata hataza ya swichi ya simu inayojiendesha mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba alishuku maopereta wa mji wake wanawapelekea washindani simu za wateja wake. Tangu hapo ubao wa nyaya ulianza kugeuka mtambo, na mtambo haukuuliza nani amefiwa.

Kwa upande wetu jambo la ajabu zaidi lilitokea juu, kwenye uongozi. Chini ya mkataba wa 1967 ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, mashirika ya pamoja yaligawanywa kati ya nchi tatu, na makao makuu ya Posta na Simu yakapelekwa Kampala. Kwa miaka kumi simu ya Nyakach ilikuwa sehemu ya mfumo ambao uamuzi wake mkuu ulifanyika ng'ambo ya ziwa. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake, KPTC, kichwa kikahamia Nairobi. Mitambo na nguzo zilibaki pale pale. Kilichohama ni mamlaka, na foleni za kuomba simu ziliendelea kuwa za miaka. Mwaka 1999 KPTC nayo ikavunjwa vipande vitatu: Telkom Kenya, Shirika la Posta, na tume ya kusimamia mawasiliano.

1985–2003: Visanduku vinajifunza kuchagua kiongozi

Hapa sina budi kutoka Nyanza kidogo, maana kile kilichomo katika kabati la chuma kilizaliwa kwingine.

Mwaka 1973 Bob Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox huko California walibuni Etheneti, njia ya kompyuta nyingi kusemezana kwenye waya mmoja. Mitandao ilipokua, ikabidi kuunganisha vipande vyake kwa visanduku, na hapo likazuka tatizo ambalo kila fundi hukutana nalo mapema. Ukiunganisha visanduku viwili kwa waya mmoja, waya ukikatika umekwisha, sawa na telegrafu ya Kibigori. Ukiviunganisha kwa nyaya mbili ili mmoja uwe wa akiba, ujumbe unaotangazwa kwa wote unatoka huku, unarudi kule, unatoka tena, unazidi kuongezeka, na baada ya muda mfupi mtandao mzima umeziba.

Aliyelitatua ni Radia Perlman, mwaka 1985, akiwa katika kampuni ya Digital. Alivipa visanduku kanuni ya kuchagua kimojawapo kiwe shina, kisha kila kimoja kikatafuta njia fupi ya kulifikia na kufunga njia za ziada. Waya wa pili unalala, na wa kwanza ukikatika unaamshwa. Nauhesabu uvumbuzi huu kuwa mmojawapo wa iliyo mizuri kabisa katika fani hii, kwa sababu hauhitaji msimamizi. Mashine zinakubaliana zenyewe.

Hata hivyo ulibakiza shida mbili. Waya uliolipiwa ulikuwa umelala tu. Na kila kisanduku kiliendelea kuwa na anwani yake, nywila yake, mipangilio yake. Jengo lenye swichi kumi lilikuwa na kazi kumi: kubadilisha jambo dogo, fundi aliingia katika kila moja, moja baada ya nyingine, na akisahau moja, ofisi ya mwisho kwenye korido ilikosa mtandao bila mtu kujua sababu.

Jibu lilikuwa kuzipandanisha ziwe rafu moja. Kampuni kadhaa zilijaribu katika miaka ya 1990. Hatua iliyoenea sana ilikuja 2003, Cisco ilipotoa swichi za Catalyst 3750 zenye matundu maalumu mgongoni. Swichi hadi tisa ziliunganishwa kwa kebo fupi nene, ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, na ya mwisho ikarudishwa kwa ya kwanza ili ziwe pete. Pete ikikatwa mahali pamoja, ujumbe unazunguka upande wa pili. Moja inachaguliwa kuwa kiongozi, na mipangilio yake inanakiliwa kwa zote. Kiongozi akifa, nyingine inashika usukani. Na nyaya mbili zinazotoka kwenye swichi mbili tofauti za rafu hiyo zinaweza kufungwa pamoja zikawa njia moja, zote zikifanya kazi, hakuna inayolala.

2000–2009: Barua pepe ya Nairobi inapitia Marekani

Kenya iliingia intaneti katikati ya miaka ya 1990 kupitia satelaiti, na njia ya kutokea nje ilikuwa mikononi mwa shirika la simu peke yake. Matokeo yake ni kwamba makampuni ya intaneti ya Nairobi hayakuwa na mahali pa kukutania. Barua ya mteja wa kampuni moja kwa mteja wa nyingine, jengo la pili tu, ilipanda satelaitini, ikatua Marekani au Ulaya, ikarudi, na pande zote mbili zililipia safari hiyo kwa dola.

Mwishoni mwa 2000 makampuni hayo yaliunganisha mitambo yao kwenye swichi ya pamoja mjini Nairobi, yakaiita KIXP. Telkom ililalamika kwamba haki yake ya kipekee imevunjwa, na baada ya wiki mbili hivi tume ya mawasiliano ikaifunga. Ilichukua zaidi ya mwaka wa hoja na leseni hadi ilipofunguliwa tena Februari 2002. Nasisitiza kisa hiki kwa sababu kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, cha kubebwa na mtu mmoja. Kilichogombewa ni nani ana haki ya kukutanisha mitandao ya wengine.

Wakati huo huo simu ya mkononi ilikuwa inazifikia Nyakach na jirani yake Kano. Buusta peke yake ni kiziwi. Ina antena, redio, betri na jenereta, lakini uamuzi wa kumkabidhi msafiri kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine gari linapotoka Ahero kwenda Katito ulifanywa na mtambo wa mbali unaoangalia milingoti mingi kwa pamoja. Mteja hakuona mshono. Ilionekana kama anga lote ni la mashine moja.

Machi 2007 ikaja M-PESA, na hapa kichwa kilikwenda mbali kuliko wakati wowote. Hadi Aprili 2015 mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani. Mama aliyeuza samaki Pap Onditi alipomtumia mwanawe shilingi 200 za nauli, agizo lake lilisafiri hadi Ulaya, salio likapunguzwa huku na kuongezwa kule, kisha ujumbe ukarudi kabla hajafunga kitambaa chake. Mfumo ulifanya kazi, tena vizuri sana. Lakini kwa miaka minane pochi ya taifa ilikuwa kwenye raki za nchi ya watu.

2009–2019: Mkongo, pete, kaunti

Juni 2009 mkongo wa baharini wa TEAMS kutoka Fujairah, Uarabuni, uliletwa nchi kavu Mombasa. Julai mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka uliofuata EASSy. Serikali ilikuwa inatandaza uti wake wa faiba bara, NOFBI, kuzifikia wilaya. Mtandao wa vyuo, KENET, ulioanzishwa 1999 kwa viunganishi hafifu, ulipata nafasi ya kuvifunga vyuo vikuu, Maseno ikiwamo, katika mfumo mmoja unaosimamiwa na vyuo vyenyewe.

Somo la 1905 lilijirudia baharini. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu wakati mmoja kando ya Afrika Kusini, eneo zima la Afrika Mashariki likapungukiwa intaneti. Mikongo mingi iliyopita njia moja haikuwa pete. Hiyo ndiyo maana ya kuviangalia vifaa vyote kama mfumo mmoja: kuhesabu kebo hakutoshi, lazima ujue zinapita wapi.

Ugatuzi wa 2013 ndio uliopeleka kabati la chuma mashinani. Kaunti 47 zilianza kazi kwa mpigo, kila moja na hazina yake, afya yake, malipo yake ya mishahara, na zote zilitakiwa kuingia katika mifumo ya serikali kwa kompyuta. Ofisi iliyokuwa na taipureta na faili za kamba ilihitaji matundu arobaini ya mtandao mwaka huo huo. Swichi moja haikutosha, zikawekwa mbili, kisha ya tatu ikanunuliwa kwa bajeti nyingine, mara nyingi ya aina nyingine isiyokubali kupandana na zile za kwanza. Kila anayenunua vifaa vya umma na akumbuke hili: swichi hupandana na ndugu zake tu.

2020–2021: Maputo juu ya ziwa

Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kina ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Nyakach ya chini ilifurika, familia zikahamia mashuleni, na shule zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Julai mwaka huo, juu ya magharibi ya Kenya, ulianza kazi mtandao wa ajabu kuliko yote waliyopata kuiona watu wa ziwa.

Ulikuwa wa maputo. Loon, kampuni dada ya Google, pamoja na Telkom Kenya, walirusha angani maputo yapatayo 35, kilomita 20 juu, kuhudumia eneo la kilomita za mraba karibu 50,000. Miji iliyotajwa ilikuwa pamoja na Kisumu, Kisii, Kericho, Bomet, Kakamega na Eldoret; Pap Onditi imekaa katikati ya hiyo. Maputo yalirushwa kutoka Nevada na Puerto Rico, yakaelea hadi kwetu kwa upepo. Hayakuwa na injini ya kwenda mbele. Yalipanda na kushuka kutafuta upepo unaoelekea yanakotaka, na programu ndiyo iliyoamua lipi lipande, lipi lishuke, lipi limpokeze mwenzake ujumbe hadi kituo cha ardhini. Buusta husimama. Maputo haya yalihama kila saa, na bado simu ya mteja iliyachukua kama mnara wa kawaida.

Kwa mtazamo wa ufundi, sijui mfano safi zaidi wa vifaa vingi kuendeshwa kama kimoja. Kilichofuata kilihusu kichwa, si vifaa. Januari 2021 kampuni mama ilitangaza kwamba mradi haulipi, na huduma ya Kenya ikafungwa mwanzoni mwa Machi. Ilidumu takriban miezi minane. Hakuna aliyekata waya, hakuna dhoruba iliyoyaangusha. Uamuzi ulifanyika California, na anga la Nyanza likabaki jinsi lilivyokuwa. Julai 2023 huduma ya satelaiti za Starlink ikaanza kuuzwa nchini: maelfu ya vifaa, kichwa kimoja, nacho kiko Marekani.

Mgongoni mwa raki

Turudi kwenye kabati la chuma, maana hilo ndilo ambalo fundi wa Nyakach anaweza kuligusa kwa mkono wake. Kichwa chake kimo ndani ya chumba kile kile.

Kichwa kimoja kina gharama. Kosa lililoandikwa kwa kiongozi linafika kwa wote papo hapo. Katika rafu za aina ile ya 2003, kubadilisha programu kulimaanisha kuwasha upya zote, ofisi nzima ikasimama. Na pete ya kebo haisaidii kitu ikiwa swichi zote zimechomekwa kwenye soketi moja: stima ikipotea, kiongozi na naibu wake wanazimika pamoja.

Kuna jambo moja ambalo mafundi hufundishana kwa mdomo, wengi baada ya kuumia. Usiunganishe swichi mpya kwenye rafu ikiwa inawaka. Swichi inayowaka peke yake inajihesabu kuwa kiongozi tayari. Ukiichomeka hivyo, viongozi wawili wanakutana, kura inapigwa upya, na upande ulioshindwa unajizima na kuwaka tena. Ikitokea mgeni ameshinda, mwenye mipangilio tupu, rafu nzima inaamka bila kujua ilikuwa nani.

Kwa hiyo fundi anaanza kwa kuchomoa waya wa stima wa ile mpya. Anaisukuma kwenye raki, anakaza skrubu nne, anazunguka nyuma na tochi mdomoni. Anatoa ncha moja ya kebo ya pete, na kwa muda huo pete imekuwa mstari, lakini ofisi hazihisi chochote. Anaichomeka kwa mgeni, anachukua kebo ya pili kumfungia duara, anaihakikishia kila ncha kwa kidole gumba mpaka isikike imekaa. Ndipo anaiwasha. Taa inamulika kwa dakika kadhaa huku mgeni akisoma mipangilio ya wenzake. Fundi anasimama mbele ya kabati, mkono kwenye mlango, akiingoja igeuke kijani.